Malipo Hayarudishwi

Kiyoyozi kilikata roho Jumanne, saa saba mchana,
kwa kikohozi kimoja na harufu ya waya ulioungua.
Fundi akasema kwenye simu: mpaka Jumatatu, mama,
Tucson nzima inanipigia mimi.
Nje joto lilikuwa mia na kumi na tatu kwa vipimo vya huku,
kitasa cha mlango kinauma kama nge,
kwale wamejibanza chini ya gari, midomo wazi.

Ndipo Eusebio, mume wangu, mtu wa maneno ya kuhesabika,
akageuza bili ya umeme na kuandika mgongoni mwake:
hoteli.

Nikacheka. Hoteli gani? Ile ya mlimani,
yenye mitende iliyoletwa kwa lori,
ambako watu wa Chicago huja mwezi wa pili kuikimbia theluji
na kulipa kwa usiku mmoja
ujira wangu wa wiki mbili wa kuwapakulia watoto wa shule?
"Julai hawaji," akasema.
"Julai wanatukumbuka sisi wenyeji. Nusu bei."

Tukakaa mezani, taulo mbichi shingoni, tukapanga.

Siku mbili. Chumba kimoja, vitanda viwili,
maana mama yake, Doña Chayo, hatuwezi kumwacha jikoni akaiva.
Yeye alitaka kujua kama kuna misa karibu,
na kama maharage ya kule yanaungwa kwa mafuta ya nguruwe
au yanaungwa kwa aibu.
Marisela, kitindamimba wetu, alitaka kiti kinachoelea
chenye tundu la kuwekea bilauri.
Mimi niliandika, kwa herufi ndogo, kukandwa mgongo,
nikaona bei, nikafuta,
nikaandika tena.
Mbwa akaangukia kwa binamu mwenye feni tatu.
Na sanduku la barafu, lenye tamale na soda za dukani,
tutalipitishaje mbele ya bawabu?
"Litafunikwa na mtandio wangu," akasema Doña Chayo.
"Nani atamkagua ajuza?"

Eusebio hakutaka kitu. Aliuliza swali moja:
lile bwawa, kina chake bado ni kilekile?

Sikumjibu. Najua kilicho chini ya bwawa lile.
Mwaka wa tisini na nane, magoti yake yakiwa bado yanamtii,
aliyapiga miezi minne sakafuni pake,
vigae vya samawati, kimoja kimoja, elfu kumi na moja,
akichomwa na majua mawili, la juu
na lile lililorudishwa na saruji.
Siku ya kufungulia maji, msimamizi aliwaonyesha mlango wa nyuma.
Usiku ule akaninong'oneza: kigae kimoja nimekigeuza kusudi,
tumbo juu, wekundu wa udongo nje,
pembe ya mashariki, pasipofikika
ila kwa kuzamia.
Hajawahi kukitaja tena.
Wala hajawahi kulitia mguu bwawa lile.

Saa nne usiku tukalipa. Nikasoma namba za kadi kwa sauti,
Marisela akazibonyeza,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
malipo hayarudishwi.
Doña Chayo akafanya ishara ya msalaba
kama mtu aliyeshuhudia ndoa.

Saa nane, usiku wa manane, ukuta ukaguna.
Kiyoyozi kikakohoa, kikasita, kikaanza kuvuma,
hewa baridi ikanipitia miguuni
kama paka aliyepotea akarudi bila maelezo.
Nikangoja. Eusebio alikuwa macho; nazijua pumzi zake.
Hakusema kitu. Nami sikusema kitu.
Nikashuka kitandani, nikapapasa ukuta gizani,
nikakizima.